Makutano Yapi?

Wahenga walinena kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Hawakutuambia, hata hivyo, la kufanya iwapo mbiu inalia na anayeisikia hajui inalia wapi. Zamani jambo hilo halikuhitaji kusemwa. Mwenye mbiu na wenye masikio walikuwa wa kijiji kimoja. Sauti yenyewe ilionyesha upande, na miguu ikafuata masikio. Siku hizi mtu hupiga kamsa kwa simu ya mkononi akiwa kando ya barabara ya vumbi huko Mwala, na anayeisikia ameketi Nairobi mbele ya kompyuta, katika chumba kisicho na dirisha. Sauti imefika, lakini upande haukufika nayo.

Nilifanya kazi katika chumba cha namna hiyo kwa miaka 11. Kazi yangu ilikuwa kupokea simu za watu waliofikwa na dharura, kuwauliza maswali, kisha kulituma gari la wagonjwa kwa simu ya upepo. Nilizaliwa Mwala, Kaunti ya Machakos, na huko ndiko nilikosomea hadi kidato cha nne. Leo nawaandikia walimu na wanafunzi, si kwa sababu wao ndio wenye makosa, bali kwa kuwa nimesadiki kwamba nusu ya kazi ile huanzia darasani. Mpenzi msomaji, nipe nafasi nikueleze nilivyoifikia imani hiyo. Niliifikia kwa kosa langu mwenyewe.

Ilikuwa Ijumaa jioni, mwezi wa Novemba mwaka wa 2014, mvua za vuli zikiwa zimekwisha kuanza. Simu ililia, nikaipokea.

"Kijana wa shule amegongwa na pikapu," ilisema sauti ya mzee, kwa Kiswahili cha taratibu na heshima. "Mguu umevunjika na damu ni nyingi. Tafadhali leteni gari."

"Uko wapi, mzee?"

"Niko Makutano."

"Makutano ya barabara kuu?"

"Naam, hapa barabara kuu."

"Karibu na nini?"

"Karibu na duka la rangi ya bluu, penye mwembe..."

Simu ikakatika. Nilipoipiga tena, nikajibiwa na ile sauti tuijuayo sote, kwamba mteja hapatikani.

Akilini mwangu palikuwa na Makutano moja tu: pale ambapo barabara ya Embu huachana na ile ya Nyeri. Ni mahali mashuhuri, na ajali za huko zilikuwa zimetufikia mara nyingi. Nililiita gari lililokuwa Thika, nalo likaondoka mara moja likipiga king'ora. Nikaandika saa, nikajiona nimeitimiza kazi yangu barabara.

Dakika 40 baadaye dereva aliniita. "Hapa Makutano hakuna ajali. Nimewauliza wa bodaboda, nimewauliza wenye vibanda. Hakuna aliyeona kijana wala pikapu." Nilikuwa bado naitafakari kauli hiyo simu ilipolia tena. Alikuwa mzee yule yule, safari hii kwa simu ya kuazima.

"Mwanangu, mbona hamji? Tumemfunga mguu kwa leso, lakini damu haikomi."

"Mzee, gari letu liko hapo Makutano sasa hivi."

"Makutano gani? Sisi tuko hapa Makutano ma Mwala!"

Sina maneno ya kueleza nilivyojihisi. Makutano ma Mwala ndiko nilikokuwa nikinunuliwa maandazi nikiwa mtoto mdogo. Naujua mteremko wake na naijua harufu ya vumbi lake mvua inapoanza kunyesha. Mwana wa Mwala aliyeketi Nairobi alikuwa ameitiwa msaada kutoka kwao, akaupeleka kwa wengine wasiouhitaji, mbali kabisa na palipohitajika. Nilipokuwa nikitafuta gari jingine upande wa Machakos, majirani walikuwa wamekwisha kuchoka kungoja. Walimpakia kijana katika pikapu ile ile iliyomgonga, wakampeleka hospitalini. Alipona, lakini mguu ulikatwa chini ya goti.

Sitadai kwamba mguu ule ulipotea kwa sababu yangu. Mimi si daktari, na huenda ungekatwa hata kama gari lingefika kwa dakika 20. Lakini sitadai pia kwamba haukupotea kwa sababu yangu. Hilo ni jambo ambalo sitalijua kamwe, na kutojua huko ni sehemu ya kazi hii ambayo watu wa nje hawaifahamu. Mpokea simu husikia mwanzo wa kila kisa na kukosa mwisho wake. Mtoto anayelia nyuma ya sauti ya mama yake hunyamaza simu inapokatwa, na mara simu nyingine inalia.

Basi kosa lilikuwa wapi? Wengi watasema kosa ni la jina. Ni kweli kwamba nchi yetu ina Makutano nyingi. Iko ile ya njia ya Embu, iko ya Pokot Magharibi karibu na Kapenguria, iko ya Meru, na iko yetu ya Mwala. Neno lenyewe halina maana zaidi ya mahali njia zinapokutana, na njia hukutana kila mahali. Vivyo hivyo Majengo iko Mombasa na Nairobi, na Kona Mbaya hazihesabiki. Lakini jina halikunidanganya. Nilijidanganya kwa swali langu.

Nilimuuliza mzee, "Makutano ya barabara kuu?" Hilo halikuwa swali; lilikuwa jibu langu nililomwomba aliidhinishe. Yeye aliitika kwa haki kabisa, maana barabara iliyokuwa mbele ya macho yake ndiyo barabara kuu ya kwao. Mwalimu anayesoma makala haya atakuwa amekwisha kulitambua kosa hilo, kwa sababu hutendeka darasani kila siku. Mwalimu hufundisha, hugeuka, huuliza, "Tumeelewana?" nalo darasa zima huitika kwa sauti moja, "Ndiyo!" Kisha mtihani unakuja na kufichua kwamba hakuna aliyeelewa. Swali lililobeba jibu lake ndani halimfunzi anayeuliza chochote. Nilipaswa kuuliza, "Makutano yapi?" Maneno mawili tu, na gari lingeelekea kwetu.

Palikuwa na jambo la pili. Mzee yule alinena nami kwa Kiswahili cha ofisini kwa sababu alidhani anazungumza na ofisi. Nami nilimjibu kiofisi. Laiti ningeisikiliza lafudhi yake badala ya kusikiliza maneno peke yake, ningetambua kwamba ni ya Ukambani, nikamuuliza kwa lugha yetu, na mahali pakajulikana mara moja. Nimefanya kazi na vijana hodari ambao huanza kila simu kwa Kiingereza kwa kudhani ndio ustadi. Mtu aliyeshikilia jeraha la mwanawe hana nafasi ya kutafsiri. Kiswahili ni lugha ya taifa kwa mujibu wa Katiba yetu, na ndicho kinachostahili kutangulia katika masikio ya mwenye dhiki. Na akijikwaa kwa Kiswahili, atafutwe wa kumsikiliza kwa lugha ya mama.

Desemba ile nilikwenda nyumbani kwa likizo, nikamtafuta mzee yule. Hakuwa vigumu kupatikana, kwani kisa chake kilikuwa kimevuma. Nilimkuta chini ya mwembe wake, nikamwamkia, kisha nikamwambia kwamba mimi ndiye niliyekuwa katika simu. Alinyamaza kitambo kirefu.

"Wewe ni wa kwa nani?" aliniuliza hatimaye.

Nikamtajia jina la babu yangu, na mahali boma letu lilipo ng'ambo ya kijito.

"Kumbe babu yako namjua!" akasema. "Tumechimba matuta pamoja. Mwanangu, wewe uliniuliza habari za barabara. Ungeniuliza mimi ni wa kwa nani, ungefika hapa ukiwa umefumba macho."

Hakunilaumu zaidi ya hapo. Aliagiza niletewe chai. Lakini maneno yake nimeyabeba hadi leo, kwani yamebeba ukweli ambao wataalamu wetu wa mitambo huupita. Sisi watu wa mashambani hatuishi katika mitaa yenye majina na nyumba zenye namba. Anwani yetu ni watu. Twaishi kwa fulani, ng'ambo ya kwa fulani, chini ya shamba la fulani. Anwani hiyo ni sahihi kabisa kwa anayeijua, na ni giza tupu kwa asiyeijua. Kazi iliyo mbele yetu ni kuifanya isomeke na mgeni.

Najua msomaji kijana atauliza: je, simu yenyewe haiwezi kusema iliko? Hilo ni swali la haki, na lina jibu. Simu ya mkononi huzungumza na mnara. Mashambani, ambako minara ni michache, mnara mmoja huweza kupokea simu kutoka kilomita nyingi pande zote. Kuujua mnara uliopokea simu si kukijua kitongoji. Ni sawa na kuambiwa kwamba mtoto aliyepotea yuko mahali fulani ambako kengele ya kanisa husikika. Mwaka wa 2014, mwaka ule ule wa kosa langu, Uingereza ilianza kutumia utaratibu ambao simu ya kisasa ikipiga namba ya dharura hutuma yenyewe ujumbe unaotaja mahali ilipo kwa msaada wa setilaiti. Nchi nyingine kadhaa zimeufuata utaratibu huo, nao umeokoa watu. Nautamani kwetu. Lakini mzee wa Makutano alikuwa na simu ndogo ya kubofya, ile tuiitayo kwa mzaha mulika mwizi, na betri yake ilikuwa inakufa. Mtambo hauwezi kuupita uwezo wa kifaa kilicho mkononi mwa mwenye shida.

Tena mitambo yote hii ilizaliwa na uchungu wa watu. Mnamo Novemba 1935 nyumba iliungua katika barabara ya Wimpole jijini London, na wanawake watano wakafa. Jirani mmoja alikuwa amejaribu kuwapigia simu wazima moto, lakini simu yake ikakwama katika foleni pamoja na simu za kawaida. Kwa hasira aliliandikia gazeti barua. Barua hiyo ilizua mjadala, na Juni 30, 1937, namba 999 ikaanza kutumika London. Marekani ilichelewa zaidi; simu ya kwanza ya 911 ilipigwa katika mji mdogo wa Haleyville, jimbo la Alabama, Februari 16, 1968. Na mwishoni mwa miaka ya 1970, daktari Jeff Clawson wa Salt Lake City alianza kuandika kwa mpangilio maswali ambayo mpokea simu anapaswa kuuliza, pamoja na maagizo ya kumpa aliyepiga simu wakati gari likiwa njiani. Hadi leo, katika vyumba vinavyofuata taratibu hizo, mahali hutangulia kuulizwa. Sababu ni nyepesi: simu ikikatika baada ya swali moja, angalau gari litajua pa kwenda.

Na sisi je? Sisi tulikuwa na 999, kisha tukaipoteza. Namba hiyo ilikufa mwaka wa 1998, mwaka ule ule ambao bomu la Agosti 7 liliwaua watu 213 jijini Nairobi, huku wananchi wakifukua vifusi kwa mikono mitupu. Ilifufuliwa mwaka wa 2013. Kwa miaka 15 basi, kizazi kizima cha wanafunzi kilikua bila namba ya kuita, kikajifunza kwamba ukifikwa na jambo huita jirani, ukimkosa jirani humwita Mungu. Tabia hiyo haiondoki kwa tangazo moja. Ukitaka kuhakikisha, mwulize mwanafunzi yeyote atakupigia namba gani ukianguka. Wengine watakutajia 911 waliyoiona katika filamu. Kwa bahati njema 999, 112 na 911 zote huelekea polisi, nayo 1199 ni ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, na mtoto anayeteswa ana namba yake, 116. Lakini kuwa na namba ni jambo moja, na kujua la kusema inapopokewa ni jambo jingine.

Katiba yetu ya mwaka wa 2010, kifungu cha 43, inasema kwamba hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Ni ahadi nzito. Aghalabu tunaielewa kwamba inahusu mlango wa hospitali: asifukuzwe mgonjwa kwa kukosa pesa. Mimi naithubutu kuielewa zaidi ya hapo. Mgonjwa asiyejulikana aliko amekwisha kunyimwa matibabu kabla hajaufikia mlango wowote, na hakuna hakimu atakayemwita mtu kujibu kosa hilo.

Baada ya ugatuzi kuanza mwaka wa 2013, kaunti yetu ya Machakos, chini ya Gavana Alfred Mutua, ilijipatia sifa kwa kununua ambulansi 70. Sizidharau. Mtu aliyewahi kubeba mgonjwa kwa mkokoteni hawezi kulidharau gari. Lakini nchini kote nimeona hamu kubwa ya kununua magari na hamu ndogo ya kuvipa nguvu vyumba vinavyoyatuma. Gari hukatiwa utepe na kupigwa picha. Mpokea simu aliyefunzwa vyema, ramani iliyokamilika, na orodha ya majina ya vitongoji havina utepe wa kukata. Gari la wagonjwa bila mwelekezi ni mwenye mbio asiye na macho.

Sasa nawageukia walimu. Hakuna mahali ambapo watu wengi wasio na nguvu hulala chini ya paa moja kama katika shule zetu za bweni, na kaunti yetu imelipia ujuzi huo kwa damu. Usiku wa kuamkia Machi 26, 2001, wavulana 67 waliteketea katika bweni la Shule ya Upili ya Kyanguli. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Simu haiufungui mlango uliofungwa, na sitaki mtu adhani kwamba nauza simu kama dawa ya kila ugonjwa. Mwaka wa 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama unaotaka milango ifunguke kwa nje na madirisha yasiwe na vyuma. Hata hivyo Septemba 2024 wanafunzi 21 walikufa kwa moto wa bweni katika shule ya Hillside Endarasha, Kaunti ya Nyeri. Mwongozo haumwokoi mtu ukiwa kabatini. Nao usalama una hatua zake: kwanza mlango, pili mazoezi, tatu kamsa inayofika kwa mtu anayejua mahali. Nazungumzia hii ya tatu kwa sababu haigharimu pesa, na kwa sababu ndiyo niliyoifanyia kazi.

Pendekezo langu la kwanza ni ubao. Kila shule na itundike ubao mmoja ofisini, mmoja bwenini, na mmoja langoni, wenye maneno machache: jina kamili la shule, wadi, kaunti ndogo na kaunti, barabara ya lami iliyo karibu, mahali pa kukata kona na umbali kutoka hapo, alama moja isiyohama, kama vile kanisa, daraja au mnara, na namba za dharura. Duka la rangi ya bluu si alama, kwa kuwa mwenyewe aweza kulipaka rangi nyingine kesho. Usiku wa moto, hata mwalimu mkuu husahau jina la wadi yake. Nimewasikia watu wazima, tena wasomi, wakishindwa kutaja kaunti waliyomo kwa sababu ya hofu. Ubao hauna hofu.

La pili ni insha. Mwalimu wa Kiswahili, wewe ndiye mwenzangu wa karibu zaidi katika kazi hii, ingawa hukujua. Kutoa maelekezo ni mojawapo ya mambo unayoyafundisha. Badala ya kumtaka mwanafunzi aeleze njia ya kwenda sokoni ambako kila mtu anakujua, mpe swali hili: "Mwenzako ameumia. Dereva wa gari la wagonjwa hajawahi kufika Mwala. Mweleze namna ya kufika hapa kwa sentensi tano." Kisha mpe mwanafunzi mwingine kazi ya kuwa dereva, na aruhusiwe kuuliza tu maswali yasiyobeba jibu. Mtaona wenyewe jinsi wasomi wa methali na tashbihi watakavyokwama kati ya kushoto na kulia. Hapo ndipo watakapojua kwamba lugha sanifu si pambo, ni chombo. Na wafundisheni jambo moja zaidi: usikate simu hadi uambiwe ukate, maana anayekusikiliza aweza kukuongoza jinsi ya kuikandamiza damu hadi gari lifike.

La tatu ni ramani. Hadi mwaka wa 2009, Kibera, mtaa wa maelfu kwa maelfu ya watu, ulikuwa kama doa tupu katika ramani nyingi za Nairobi. Vijana wa pale wakachukua vifaa vya setilaiti, wakatembea kila kichochoro, wakaandika vyoo, zahanati, shule na njia katika ramani ya bure iliyo wazi kwa ulimwengu mzima. Waliofanya hivyo hawakuwa wahandisi, walikuwa wakazi waliofundishwa siku chache. Je, wanafunzi wa Jiografia wa Masii, Muthetheni, Mbiuni na Kibauni watashindwa na nini? Wanaijua kila njia ya mkato kwa kuwa huipita kila asubuhi. Nao wachongaji wa Wamunyu, warithi wa sanaa aliyoileta Mutisya wa Munge baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wamewachongea watalii twiga kwa miaka mingi. Sidhani watashindwa kutuchongea vibao vya majina ya vitongoji vyetu.

Wapo watakaocheka. Watasema, "Kibao cha nini, na gari lenyewe halipo? Hata ukijua niliko, utanitumia nini?" Nalikubali neno hilo kwa masikitiko, magari hayatoshi, na mengine yamelala kwa kukosa mafuta au dereva. Lakini katika kisa changu gari lilikuwapo. Lilikuwa na mafuta, dereva na muuguzi, nalo likaenda pasipo na mgonjwa. Uhaba haupunguzwi kwa kupoteza kidogo kilichopo. Ukiwa na gari moja, ndipo hasa unapohitaji kulituma mahali panapofaa. Isitoshe, msaada si gari tu. Tangu mwaka wa 2023 serikali imewapa vifaa wahudumu wa afya wa jamii 100,000 nchini kote, na kila mmoja anazijua nyumba zake kwa majina. Namba za simu za wahudumu hao na za manaibu wa chifu zikiwa mbele ya mpokea simu, hata aliye Nairobi ataweza kuuliza kama alivyotaka mzee wangu: huyu ni wa kwa nani?

Babu zetu waliyachimba matuta ya Machakos kwa mwethya, kila mtu na jembe lake, leo kwako na kesho kwangu, hata vilima vilivyokuwa vimekatiwa tamaa vikarudi kuwa mashamba. Hawakungoja mtambo. Kazi ya kuipa kila njia jina na kila shule ubao ni ndogo kuliko matuta yale, nayo yafaa ifanywe kwa moyo ule ule.

Kijana yule sasa ni mtu mzima. Hutembea kwa mguu wa bandia, na nasikia ana biashara yake ndogo hapo hapo Makutano. Sijapata ujasiri wa kwenda kumsalimu. Nilipoacha kazi, vijana niliowaachia kiti waliniomba wosia, nami nikawaandikia karatasi ndogo wakaibandika juu ya kompyuta. Haina methali wala nasaha ndefu. Imeandikwa maneno mawili: Makutano yapi?